Kusoma Majibu ya Kipimo cha Damu cha Malengelenge: Utata wa Maabara na Utata wa Lugha

Utangulizi

Karatasi ya maabara ni matini kama matini nyingine. Ina msamiati wake, ina sarufi yake iliyobanwa, na ina wasomaji wake waliokusudiwa, yaani daktari na wenzake wa kazi. Tatizo huzuka pale karatasi hiyo inapoangukia mikononi mwa msomaji ambaye haikuandikwa kwa ajili yake, naye akalazimika kuifasiri peke yake, usiku, chumbani mwake bwenini, huku moyo ukimdunda. Makala haya yanachunguza matini moja ya aina hiyo, nayo ni majibu ya kipimo cha damu cha virusi vya malengelenge ya sehemu za siri.

Majibu haya yamechaguliwa kwa sababu mbili. Mosi, ni miongoni mwa majibu yanayotatiza mno katika tiba ya magonjwa ya zinaa, hata kwa wahudumu wa afya wenyewe. Pili, sehemu kubwa ya utata huo huzidishwa, na wakati mwingine huzaliwa, majibu yaliyochapwa kwa Kiingereza yanapoelezwa kwa Kiswahili bila kupima uzito wa maneno. Hoja inayotetewa ni kwamba neno "chanya" katika karatasi hii ni jibu la swali finyu sana. Halimhukumu mtu, wala halisimulii maisha yake. Aidha, Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kulitamka jibu hilo kwa usahihi, mradi mtamkaji awe anazijua.

Kwa minajili ya mjadala, utatumiwa mfano wa kubuni. Zawadi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Yeye na mchumba wake, Baraka, wameazimia kufunga ndoa mwezi wa Disemba, na kama wafanyavyo wachumba wengi siku hizi, wakaenda kupimwa kabla ya kupeleka barua kwa wazee. Zawadi hajawahi kuona kidonda wala upele sehemu za siri. Karatasi yake inasema hivi: HSV-1 IgG, 38.2, chanya, HSV-2 IgG, 1.7, chanya, HSV IgM, chanya. Karatasi ya Baraka ni hasi kotekote. Mhudumu anawatazama, kisha anasema: "Dada, umepatikana na malengelenge. Mwenzako yuko sawa."

Ni maneno saba tu. Hata hivyo, yanatosha kuvunja posa, na karibu kila moja kati yake lina walakini.

Jina linalotaja dalili

Lengelenge ni uvimbe wa ngozi wenye maji ndani. Mkulima aliyeshika jembe siku ya kwanza ya msimu huota malengelenge viganjani; mpishi aliyebabuliwa na mvuke wa sufuria vivyo hivyo. Jina hili, basi, linataja kinachoonekana juu ya ngozi, halitaji kisababishi. Upande wa Tanzania kuna ugonjwa wa jamaa yake, mkanda wa jeshi, ambao nao umepewa jina kwa umbo la upele wake kiunoni na kifuani. Huo husababishwa na kirusi cha tetekuwanga, si hiki kinachojadiliwa, ingawa vyote viwili ni vya ukoo mmoja na kwa Kiingereza vinashiriki jina la herpes. Mfasiri asiye makini anaweza kuvichanganya.

Kumwita kirusi kwa jina la dalili kuna taabu yake. Watu wengi walio na HSV-2 hawajapata kuona lengelenge lolote walilolitambua. Wengine waliona mkwaruzo mdogo wakadhani ni wembe au mbu. Kumwambia mtu wa aina hiyo kwamba "ana malengelenge" ni kumwambia jambo ambalo macho yake mwenyewe yanalikanusha. Huenda akakataa majibu yaliyo ya kweli kwa sababu hiyo, au akakubali yasiyo ya kweli akidhani kuna kidonda kilichojificha ndani ya mwili wake. Kwa hiyo, penye majibu ya damu ni salama zaidi kusema "virusi vya malengelenge", na jina "malengelenge" likaachiwa vidonda vyenyewe.

Virusi hivyo ni vya aina mbili. HSV-1 aghalabu hukaa kinywani na midomoni, na watu wengi hukipata utotoni kwa mate na mguso wa kawaida wa nyumbani. HSV-2 huambukizwa hasa kwa kujamiiana. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mwaka wa 2020, watu wapatao bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 walikuwa na HSV-1, yaani takriban asilimia 64, na watu wapatao milioni 520 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na HSV-2. Mpaka kati ya aina hizi hauko wazi kabisa, kwa sababu HSV-1 huweza pia kuambukiza sehemu za siri kupitia ngono ya mdomo.

Kutokana na maelezo hayo, namba kubwa zaidi katika karatasi ya Zawadi, ile 38.2, ndiyo inayopaswa kumtisha kidogo zaidi. Inamweka katika kundi moja na wanadamu walio wengi. Yamkini alikipata kirusi hicho akiwa bado anapakatwa. Karatasi haisemi kama kiko mdomoni au penginepo, kwani damu haijui mlango ulioingiliwa.

Kingamwili: neno zuri lenye mtego

Kipimo kinachozungumziwa hakimtafuti kirusi. Virusi vya malengelenge, baada ya maambukizi ya kwanza, hujificha katika mafundo ya neva na kukaa humo maisha yote, na havizunguki damuni kwa namna ya kuweza kuchotwa kwa sindano siku yoyote. Kinachotafutwa ni kingamwili, yaani protini ambazo mwili huziunda baada ya kukutana na mgeni. Kwa lugha ya mwindaji, maabara haikumwona mnyama. Iliona nyayo.

Kingamwili ni istilahi nzuri. Imeundwa kwa maneno ambayo kila mzungumzaji anayajua, na haihitaji kamusi. Lakini uzuri huo ndio mtego wake. Anayesikia kwamba "ana kingamwili za malengelenge" anaweza kufahamu kwamba amekingika, kama vile mtoto aliyechanjwa surua anavyokingika. Katika surua, kingamwili huashiria kwamba vita vimekwisha na mwili umeshinda. Katika malengelenge, huashiria kwamba adui yupo angali hai, amezingirwa tu. Istilahi ni ileile na maana kwa mgonjwa ni kinyume. Mwalimu wa istilahi hatailaumu lugha kwa hilo, kwa sababu Kiingereza nacho kina tatizo hilohilo, lakini anayefafanua majibu hana budi kuongeza sentensi moja: "Hizi ni alama, hazikuzuii kuwa na kirusi."

Fauka ya hayo, alama hizo huchelewa. Baada ya kuambukizwa, mwili huchukua wiki kadhaa kabla ya kuunda kingamwili za kutosha kuonekana, na miongozo ya tiba hushauri kusubiri wiki 12 kabla ya kuliamini jibu hasi la mtu anayeshuku kuwa aliambukizwa hivi karibuni. Kuna wanaouita muda huo "kipindi cha dirisha", tafsiri ya moja kwa moja ya Kiingereza. Kwa Mswahili, dirisha ni mahali pa kuonea nje, ilhali muda huu ni wa kutoonekana. "Kipindi cha ukimya" kingefaa zaidi: nyayo zimeshakanyagwa lakini vumbi halijatulia zikasomeka.

Kima na kizingiti

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo lote, na ndipo penye kustahili kukawia.

Mashine ya maabara haijibu "ndiyo" wala "la". Hutoa namba. Damu huwekwa juu ya protini ya kirusi iliyobandikwa kwenye kisahani, kingamwili zikiwepo hunata, rangi hutokea, mashine hupima ukali wa rangi hiyo na kuulinganisha na sampuli ya rejea. Uwiano unaopatikana ndio unaochapishwa. Kwa Kiingereza huitwa "index", na mfasiri aliyezoea vitabu anaweza kuteleza akaandika "faharasa", neno ambalo mahali pake ni mwishoni mwa kitabu. Makala haya yanatumia "kima".

Ili kuigeuza namba kuwa neno, watengenezaji wa kipimo huweka kizingiti. Katika vipimo vingi vinavyotumika, kima cha 0.90 au chini yake husomwa kuwa hasi; 0.91 hadi 1.09 husomwa kuwa cha utata, 1.10 na zaidi husomwa kuwa chanya. Mtu mwenye 1.11 na mtu mwenye 11.1, basi, huandikiwa neno moja. Neno hilo limemeza tofauti kubwa. Kwa HSV-2, kima cha juu huwa sahihi mara nyingi sana, ilhali kima kilicho karibu na kizingiti huwa si sahihi mara nyingi mno. Ni kwa sababu hiyo miongozo ya mwaka wa 2021 ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inaelekeza kwamba jibu chanya la HSV-2 lenye kima kilicho chini ya 3.0 lithibitishwe kwa kipimo cha pili chenye mbinu tofauti na ile ya kwanza. Mnamo mwaka wa 2023, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitoa tahadhari kwa wahudumu kuhusu majibu chanya yasiyo ya kweli katika vipimo hivi.

Kima cha Zawadi cha HSV-2 ni 1.7. Kimeruka kizingiti lakini hakijaingia ukumbini.

Kwa nini damu isiyo na HSV-2 inate kwenye kisahani cha HSV-2? HSV-1 na HSV-2 ni ndugu wa karibu. Protini zao nyingi zinafanana. Vipimo vya kale vilishindwa kabisa kuzitenganisha aina hizi mbili. Vipimo vya kisasa hutumia protini moja, glaikoprotini G, ambayo hutofautiana kati yazo, na ndiyo maana karatasi ya leo huwa na mistari miwili. Hata hivyo, utenganisho huo haujakamilika. Kingamwili nyingine za mwili huweza kunata kidogo pasipo pake, na watafiti wamehusisha kuwa na HSV-1 na ongezeko la majibu ya HSV-2 yenye kima kidogo cha uongo. Zawadi ana HSV-1 isiyo na shaka.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Afrika ya Mashariki. Vipimo vingi vilibuniwa na kusawazishwa kwa damu za watu wa Marekani na Ulaya. Utafiti uliofanywa miongoni mwa vijana wa kiume mjini Kisumu na kuchapishwa mwaka wa 2009 ulilinganisha vipimo vya kibiashara na kipimo cha uthibitisho kiitwacho Western blot, na ukaonyesha kwamba kipimo kimoja mashuhuri, kikitumiwa kwa kizingiti chake cha kawaida, kiliwahesabu kuwa chanya vijana wengi ambao uthibitisho haukuwakubali. Kizingiti kilichofaa kwingine hakikufaa Kisumu. Anayesoma isimujamii hatashangaa: kipimo nacho kina lahaja yake.

Pana kosa la pili la kusoma kima, nalo ni la upande wa juu. Msomaji aonaye 38.2 hudhani ugonjwa wake ni mkali mara ishirini kuliko wa mwenye 1.9. Sivyo. Kima hakipimi ukali wa vidonda, wala wingi wa virusi, wala urefu wa muda tangu kuambukizwa. Kikishapanda mbali na kizingiti, kazi yake imekwisha.

Hesabu ya wengi na wachache

Hata kipimo kizuri hubadilika thamani kulingana na anayepimwa. Chukuliwe kipimo cha kufikirika kinachowatambua watu 95 kati ya kila 100 walio na kirusi, na kuwakosea watu 5 kati ya kila 100 wasio nacho. Kikitumiwa kwa watu 1,000 ambao 400 kati yao wana kirusi, kitatoa chanya 380 za kweli na chanya 30 potofu. Chanya tisa katika kila kumi zitakuwa sahihi. Kipimo hichohicho kikipelekwa kwa vijana 1,000 ambao 40 tu wana kirusi, kitatoa chanya 38 za kweli na 48 potofu. Hapo nusu nzima ya majibu chanya, na zaidi, ni potofu, na mashine haijaharibika hata kidogo.

Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka wa 2007 ulikuta HSV-2 kwa takriban asilimia 35 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64: asilimia 42 ya wanawake na asilimia 26 ya wanaume. Kiwango hicho ni kikubwa. Lakini wastani wa taifa si wastani wa darasa. Maambukizi huongezeka kadiri umri unavyosonga na kadiri idadi ya wapenzi inavyoongezeka, na msichana mwenye mpenzi mmoja tangu kidato cha nne hana uwezekano sawa na mtu wa miaka arobaini aliyeishi maisha tofauti. Daktari anayemuuliza Zawadi maswali ya faragha kabla ya kusoma karatasi hafanyi uchunguzi wa tabia. Anatafuta kikundi cha hesabu anachotokea.

Ni hesabu ya aina hii iliyolifanya jopo la Marekani linaloshauri kuhusu huduma za kinga, mnamo Februari 2023, kukariri msimamo wake kwamba watu wasio na dalili wasipimwe damu kwa malengelenge kama jambo la kawaida. Wengine wataona msimamo huo ni wa kubana habari. Katika nchi ambako HSV-2 huzidisha uwezekano wa kuambukizwa Virusi vya UKIMWI takriban mara tatu, hoja ya kutaka kujua ina nguvu yake. Lakini kutaka kujua ni jambo moja, na kupewa chanya ya 1.7 bila maelezo ni jambo jingine.

IgM, na hasi ya Baraka

Mstari wa tatu wa karatasi ya Zawadi unaweza kupitwa upesi. Kingamwili za IgM hutangulia katika maambukizi mengi, na kwa hiyo wengi hudhani kwamba IgM chanya maana yake ni "ameambukizwa juzi". Katika malengelenge haipo hivyo: kipimo cha IgM hakitenganishi aina ya kwanza na ya pili, na IgM huweza kujitokeza tena virusi vya zamani vinapoamka. Miongozo haikipendekezi. Maabara zinazoendelea kukiuza zinamuuzia mteja wasiwasi.

Hasi ya Baraka inahitaji subira zaidi, kwa maana yeye "yuko sawa". Je, yuko sawa? Kwa upande wa HSV-1, vipimo vya damu vinavyotumiwa sana huwakosa baadhi ya walio nayo. Kimoja kilichochunguzwa kilitambua watu takriban 70 tu kati ya 100. Kwa upande wa HSV-2, jibu lake ni la kuaminika zaidi, ila kama aliambukizwa majuma machache yaliyopita angali katika kipindi cha ukimya. Kwa hiyo, karatasi mbili zilizowekwa mezani sambamba, moja chanya na nyingine hasi, hazimwonyeshi mkosaji na mkosewa. Huenda wote wawili wana HSV-1 na hakuna aliye na HSV-2.

Sarufi ya kupatikana

Sasa irejelewe kauli ya mhudumu. "Umepatikana na malengelenge." Katika Kiswahili cha Kenya, kitenzi hiki kina makao mawili makuu: mahakama na hospitali. Mshukiwa alipatikana na bangi. Mshtakiwa alipatikana na hatia. Mgonjwa alipatikana na virusi. Muundo ni uleule, na kwa sababu ni uleule, hisia za ukumbi wa kwanza huhamia katika ukumbi wa pili. Aliyepatikana na kitu alikuwa amekificha. Hakuna mgonjwa anayeelezewa hivyo akatoka kliniki bila kujihisi kwamba amekamatwa. Aghalabu watumiaji hawakusudii lawama hiyo. Imo katika mazoea ya lugha, na ndiyo maana huwapita bila kuitambua.

Kuna pia kiambishi -me-. "Umeambukizwa" hubeba hali timilifu: tendo limekwisha na athari yake ipo. Mzungumzaji wa kawaida, hata hivyo, huisikia pia kama habari ya karibuni, kama asikiavyo "mgeni amefika". Zawadi akiambiwa "umeambukizwa", hujiuliza aliambukizwa lini mwaka huu, na anapokumbuka kwamba mwaka huu alikuwa na Baraka peke yake, hitimisho hujijenga lenyewe. Ilhali IgG haina kalenda. Yaweza kuwa ya mwezi wa tatu uliopita au ya miaka kumi nyuma. Lugha ina kitenzi kisaidizi kinacholiacha tarehe wazi, nacho ni -wahi: "mwili wako uliwahi kukutana na kirusi hiki". Kauli hiyo haidai zaidi ya kile ambacho maabara inakijua.

Mnyambuliko nao una la kusema. Kuambukizwa ni kauli ya kutendwa iliyojengwa juu ya kitenzi elekezi, na kila kauli ya kutendwa humwalika mtenda: umeambukizwa na nani? Swali hilo huulizwa hata likiwa halikutamkwa. Kusema "una maambukizi" au "kirusi kimo mwilini" humwondoa mtenda huyo katika sentensi. Baadhi ya walimu wa sarufi wataona huko ni kukwepa. Lakini hapa mtenda hajulikani kweli, na sarufi inayomdokeza husema zaidi ya ushahidi.

Limebaki neno "chanya" lenyewe. Katika hisabati, chanya na hasi ni pande mbili za sifuri, hazina wema wala ubaya. Katika magazeti na mihadhara, "mtazamo chanya" na "mabadiliko chanya" ni mambo ya kusifiwa. Mgonjwa aliyelisikia neno hili redioni pekee anaweza kushukuru Mungu kwa majibu chanya, na visa vya namna hiyo havihitaji mawazo mengi kuvifikiria. Jambo zito zaidi ni kwamba chanya, kwa kuwa haina daraja, haiwezi kubeba ule umbali kati ya 1.7 na 38.2. Kivumishi kinahitaji kusaidiwa. "Chanya thabiti" na "chanya dhaifu" yangetosha. Vilevile, badala ya "chanya ya uongo", ambayo humtafuta mwongo na kumpata ama muuguzi ama mgonjwa, "chanya potofu" inafaa kwa jibu ambalo limeshabainika kuwa si kweli, na "chanya isiyothibitishwa" kwa jibu linalongoja kipimo cha pili. Ya Zawadi ni ya kundi hili la mwisho.

Namna ya kuyasema majibu haya

Mhudumu aliyezingatia hayo angeweza kusema hivi: "Dada Zawadi, damu yako inaonyesha wazi kwamba mwili wako uliwahi kukutana na kirusi cha malengelenge cha aina ya kwanza. Watu wengi wanacho tangu utotoni. Kuhusu aina ya pili, alama zilizoonekana ni dhaifu, ziko karibu na kizingiti, na majibu ya namna hiyo mara nyingi hubainika kuwa si kweli. Siwezi kukwambia kwamba unacho, wala kwamba huna. Itabidi tupime tena kwa njia nyingine. Kaka, majibu yako ni hasi kwa leo, lakini hasi haina maana kwamba mwenzako ana kosa." Kauli hii ni ndefu kuliko ile ya maneno saba. Itamchukua msemaji dakika moja hivi, na foleni ya nje itamlalamikia.

Kinachofuata ni cha kitabibu zaidi kuliko cha kilugha. Kipimo cha uthibitisho ambacho kimetegemewa kwa miaka mingi, Western blot cha University of Washington jijini Seattle, kiko mbali na mfuko wa mwanafunzi. Kilicho karibu ni kurudia kipimo cha HSV-2 baada ya wiki 12, kwa vifaa vya mtengenezaji tofauti, huku kima chenyewe kikiombwa na si neno peke yake. Maabara ikitoa "chanya" bila namba, mgonjwa ana haki ya kuiuliza. Kima kikishuka chini ya kizingiti, shaka kubwa huondoka. Kikipanda mbali, jibu huimarika, na hapo kuna ya kufanya: kondomu hupunguza maambukizi ingawa haiyazuii kabisa, na dawa ya valasikloviri ikimezwa kila siku ilionyeshwa katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004 kupunguza kwa karibu nusu uwezekano wa kumwambukiza mwenzi asiye na HSV-2. Mwanamke akija kushika mimba, mkunga aelezwe mapema, kwa kuwa hatari kwa mtoto huwa kubwa zaidi pale maambukizi ya kwanza yanapotokea mwishoni mwa ujauzito.

Na iwapo kidonda au lengelenge litatokea kabla ya wiki hizo 12 kutimia, Zawadi asingoje damu. Aende kliniki siku hiyohiyo, majimaji ya kidonda yachukuliwe kwa pamba na kutafutwa kirusi chenyewe, pamoja na aina yake, kabla kidonda hakijakauka.